Hodi Mbele ya Kioo

Baba alishika funguo za lile ghala la kahawa pale Mpemba, kando ya barabara ya mpakani, mpaka alipostaafu. Wakulima walikuja na magunia, wakapiga hodi kwenye mlango wa mbao, naye akaitikia kutoka ndani, "Karibuni." Hakuna aliyeingia kabla ya kuitikiwa.

Nilipolinunua ili niuze vitenge na mablanketi, kuta za matofali ya kuchoma niliziacha. Ukuta wa mbele tu ndio nilioubomoa, nikaweka vioo kutoka chini hadi juu, vile ambavyo wa ndani anamwona wa nje lakini wa nje anajiona mwenyewe. Mama, aliyebaki peke yake kijijini Itaka baada ya baba kufariki, aliposikia habari za ukuta alikata neno: hatakanyaga pale. Nilimbembeleza kwa miezi. Nilitaka aje kulibariki duka, maana bila hivyo nilijiona mwizi aliyevunja nyumba ya baba yangu.

Biashara ilidorora. Kila siku niliona watu wanasimama mbele ya kioo, midomo inacheza, kisha wanaondoka. Kwa ngurumo za malori yaliyopanga foleni ya mpakani sikusikia kitu. Nikadhani wanajitazama. Niliwachukia, na uchovu wa kufuta vumbi kwenye vioo asubuhi na jioni ukaizidisha chuki.

Siku moja nilitoka stoo nikakuta bibi mmoja amekaa kwenye ngazi ya nje, amenipa mgongo, ndala kazivua kaziweka pembeni. Nikasema moyoni, huyu naye. Nikanywa chai yangu. Chai ikaisha, nikakunja vitenge vichache, naye yupo tu.

Aliposimama ajifunge khanga vizuri, akageuka. Alikuwa mama.

Nilitoka mbio. "Shikamoo mama. Umefika saa ngapi?"

"Marahaba. Muda kidogo." Alikuwa anavaa ndala. "Nimepiga hodi mara tatu, kimya. Nimepumzika, sasa narudi zangu."

"Mama, mlango haujafungwa. Mtu anasukuma tu, anaingia."

"Kwa wenyewe, nisukume mlango bila kuitikiwa?"

Hapo ndipo nilipoielewa ile midomo yote. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nikamwambia karibu, nikarudia, nikampokea mfuko wake wa maharage. Aliingia, akapapasa ukuta wa zamani, akala, akanisimulia ya shambani. Kuhusu vioo hakusema neno, na mimi nilikuwa nimechoka kubembeleza.

Alipoaga, aliokota tofali moja la ule ukuta nilioubomoa kwenye rundo lililobaki nje, akauzuia nalo mlango ili ubaki wazi.

"Baba yako alikuwa anasikia," akasema, akaenda kupanda gari.

Sasa watu wanapiga hodi, naitikia, wanaingia. Vumbi la barabara nalo linaingia siku nzima, mpaka kwenye mikunjo ya vitenge. Nafuta hadi mgongo unauma, na tofali lile sijathubutu kuliondoa.