Viganja Chini ya Bembea

Sikuombi uniamini haraka. Mimi huandika kila ninachofanya safarini, na daftari la safari hii ninalo mpaka leo. Haya yalinipata mimi mwenyewe, sikusimuliwa.

Kazi yangu ni kuongoza wageni wanaopanda milima ya Uluguru. Mwezi wa saba, kipupwe kikiwa kimepamba moto, nilinunua kwenye mitumba ya Morogoro mjini bembea ya kulalia, kitambaa chepesi kinachofungwa kati ya miti miwili. Nikataka kuijaribu peke yangu kabla sijamlaza mgeni. Nikapita Mlali, nikapanda hadi ukingoni mwa msitu, juu ya mashamba ya mwisho ya mboga.

Nikiwa nakaza kamba akapita Mama Koleta, mkulima wa kabichi ambaye hunichemshia chai kila nipitapo na wageni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona unajifungia machela, mwanangu? Na wabebaji wako wako wapi?"

Tukacheka. Huko gari halifiki, kwa hiyo mgonjwa hushushwa kwa machela: shuka lililofungwa kwenye mti mrefu, wanaume wanne wakiubeba mabegani. Kweli vilifanana.

Kisha akaacha kucheka. "Usilale kwenye miti hiyo. Njoo ulale jikoni kwangu, kuna moto."

Nikakataa. Nilikuwa na mablanketi mawili, sweta na soksi za sufu. Baridi ingeniweza wapi?

Iliniweza. Daftari linasema saa tatu usiku: "Miguu imekufa ganzi." Saa sita: "Mgongo." Saa nane mwandiko hausomeki. Nilijifunika kila nilichokuwa nacho, na bado nilitetemeka hadi kamba zikawa zinalia. Ukungu ulifunga, njia ni utelezi mtupu, nisingeweza kushuka. Nilijua sitaiona asubuhi.

Ndipo sauti ikatoka chini yangu. Si pembeni. Chini.

"Mjukuu wangu, unajifunika juu bure. Baridi inakupanda kwa chini."

Nikachungulia kwa tochi. Bibi kizee, amejikunyata ndani ya shuka, ana mzigo wa majani makavu ya migomba.

"Shikamoo, bibi."

Hakuitikia. Niambie, umewahi kumwona bibi wa Kiluguru asiyeitikia shikamoo? Hapo ningepaswa kujua. Lakini anayekufa kwa baridi hapimi mambo.

Akachukua blanketi langu moja, akalifunga kwa chini ya bembea, akajaza majani katikati. Kila aliposhindilia fungu, nilisikia viganja vyake mgongoni kupitia kitambaa. Na joto likaja. Kweli tupu, likaja kana kwamba nimeketi jikoni kwa Mama Koleta.

"Haya, nimekupasha joto," akasema. "Na wewe nibebe, unifikishe barabarani."

Mwili ndio kwanza ulikuwa unalegea. Nikajibu, "Kesho, bibi. Kukipambazuka tu, nitakubeba."

Akashindilia fungu la mwisho. "Na wanangu walisema hivyohivyo."

Nikalala. Mungu anisamehe, nililala.

Asubuhi hakuwepo. Majani yalikuwepo, na migomba ya karibu iko mwendo wa saa nzima bondeni. Niliita mara moja tu, nikafungasha, nikashuka.

Mama Koleta alitua mzigo wa kabichi ili anisikilize. "Huyo ni mama mkwe wangu," akasema. "Wanawe wanne walikuwa wanamshusha hospitali. Mvua ikawashika, wakaining'iniza machela kwenye miti hiyohiyo, wakamfunika nguo zao zote kwa juu, wakakimbilia kibandani. Wakamwambia watamchukua kukipambazuka. Walimkuta amekauka. Mume wangu alikuwa mmoja wao. Alikufa mchana, anaota jua, akilia kwamba mgongo una baridi. Wenzake watatu vilevile."

Akanitazama. "Alikugusa mgongo?"

"Hapana, mama," nikasema.

Nilidanganya. Chini kidogo ya mabega yangu kuna viganja viwili vya baridi tangu usiku ule. Mke wangu alidhani ni utani mpaka alipopagusa. Sasa analala na watoto. Hospitali wamenipima, hawaoni kitu. Jua la Morogoro unalijua, nami naenda sokoni na sweta.

Nimerudi mara tatu, na wanaume wanne na machela tupu. Tukiinua pale kwenye miti, naapa, inakuwa nzito, na wabebaji wanatazamana. Tunashuka polepole. Tukifika kijito cha kwanza inakuwa nyepesi. Kila mara kijito hichohicho. Mara ya tatu wabebaji waliniachia mti wa machela palepale majini, wakasema hawarudi tena. Nadhani asubuhi niliyomwahidi ilikuwa moja tu, na ilipita nikiwa nafungasha.

Sasa baridi imeshuka hadi kiunoni.

Ukienda kulala milimani, tandika kitu kizito chini yako kabla hujajifunika juu. Na ukisikia mtu anakuomba umbebe, teremka umbebe usiku uleule, hata kwa kutambaa. Usimwambie kukipambazuka.