Kivuli Kwenye Pafu la Kushoto

Miaka minne nilisuka nywele ugenini, mtaa wa Malvern, kando ya barabara ya Jules Street, huku cheti changu cha kupiga picha za eksirei, nilichokipata Bukavu, kikiwa sandukuni kwa kuwa hakikutambuliwa huko. Wenzangu waliniambia niridhike. Sikuridhika. Nilisoma upya, nikafanya mtihani mara mbili, hospitali ikaniajiri.

Asubuhi moja niliitwa chumba cha upasuaji, nije na mashine yangu ya eksirei ya magurudumu. Ndani ya kuba la plastiki mlikuwa na mapafu ya mtu aliyefariki. Mashine nyingine iliyapa hewa na kuyapitishia maji maalumu, yakawa yanavimba na kunywea taratibu, ili ijulikane kama yanafaa kupandikizwa. Picha za vifua nilishapiga nyingi mno, lakini mapafu yasiyo na kifua sikuwahi kuyaona.

Aliyeyasubiri nilimfahamu: fundi cherehani wa mtaani kwetu, mama wa watoto wawili. Mapafu yake yalikuwa yamekakamaa, na kila alipokuja kupigwa picha alikuja na mtungi wa oksijeni.

Picha ikatoka na kivuli cheupe chini ya pafu la kushoto. Daktari mpasuaji aliitazama kwa muda, akasema inaelekea ni nimonia, na hawezi kumwekea mgonjwa pafu bovu. Akaanza kuvua glavu.

Mimi nilikuwa naangalia ukingo wa kile kivuli.

"Daktari, hiki hakijasambaa, kimejivuta kwenda chini," nilisema. "Nadhani sehemu hiyo imesinyaa tu. Iongezeeni hewa, nipige tena."

Si kazi yangu kusoma picha mbele ya daktari, na lafudhi yangu ilijulisha wazi kwamba mimi ni mgeni. Sikusogea.

"Nakupa saa moja," alisema.

Waliingiza kamera nyembamba kwenye njia ya hewa, wakanyonya kamasi lililoziba, wakaongeza hewa. Picha ya pili ilionyesha kivuli chembamba kama uzi. Nikapiga ya tatu kwa pembe nyingine bila kuombwa. Ilikuwa safi. Vipimo vya oksijeni navyo vikakubali, wakampandikiza yule fundi siku ileile.

Wiki kadhaa baadaye aliletwa chumba cha eksirei nimpige picha ya kifua, bila mtungi. Sikumweleza lolote. Nilimwambia avute pumzi, aishikilie. Akaishikilia. Nikabonyeza, nikabaki namtazama.

"Dada," alisema hatimaye, akihema na kucheka, "ulisahau kuniambia niachie."