Maji ya Nyeri Huchemka Mapema

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa beseni la maji ya uvuguvugu na brashi ndogo ya nywele laini. Mkuu wa maabara, mzee wa sauti ya chini, alinionyesha kiti. "Keti hapa, Wanjiru. Ukipumua vibaya, mgonjwa ataruka." Hakuwa anatania. Kipande cha nyama ya mgonjwa hugandishwa ndani ya nta, kikakatwa chembamba kuliko ngozi ya kitunguu, na mkato huo huelea juu ya maji mpaka uuteke kwa kioo. Pumzi moja yatosha kuupeleka sakafuni. Mwaka ule wote, naona, sikupumua sawasawa.

Nilianzia Karatina, nikahamishiwa Nanyuki, kisha nikaletwa Nyeri mjini, nikapanga nyumba mtaa wa Skuta. Asubuhi mlima ulionekana dirishani, na kufikia saa nne ukungu ulikuwa umeufunika. Miaka yangu mingi naikumbuka hivyo tu: ukungu nje, harufu ya formalini, dawa ya kuhifadhia nyama, ndani, na mikono yangu ikienda polepole kama ya mtu anayeota.

Nyeri ndiko tulikoletewa kipimo cha jeni kwa rangi zinazong'aa. Mkato wa nyama huchemshwa kwanza katika maji ya dawa ili ulegee, kisha hutiwa kimeng'enya cha kula protini kidogo tu. Halafu unatia kipande cha jeni kilichofungwa rangi, nacho hutafuta mwenzake ndani ya seli na kushikana naye hadi kesho yake. Unazima taa, unainamia hadubini. Viini vya seli ni vya bluu, na ndani yake mna vidoa vya kijani na vyekundu. Vyekundu vikijaa, mwenye saratani ya matiti ana dawa yake maalumu. Visipojaa, dawa hiyo haimfai. Mara ya kwanza kuviona, kwenye kioo cha mfano kilichokuja na mashine kikiwa kimeshatayarishwa, nilisahau chakula cha mchana.

Lakini vioo vya wagonjwa wetu watatu wa kwanza vilikuwa giza tupu. Daktari wa patholojia akaandika, "Sampuli haifai," akalaumu hospitali zilizotuma kwa kuhifadhi nyama vibaya. Sote tukaamini. Ilikuwa raha kuamini.

Wa nne alikuwa Mama Wambui, mchuma majani chai wa Kangari. Kioo chake cha kwanza nacho kikawa giza, na nyama iliyobaki kwenye nta ilitosha mkato mmoja tu. Alikuja mwenyewe, akasimama kwenye kidirisha cha kupokelea sampuli.

"Daktari wangu amesema bila jibu yenu hawezi kunianzishia dawa," akasema. "Nitangoja."

Nyuma yangu chombo kilikuwa kinatoa mvuke. Akakitazama. "Mnapika nini?"

"Ni dawa tu, mama. Dakika kumi."

"Ati kumi? Niko na dada ameolewa Mombasa. Githeri yake inaiva haraka, yangu inakaa kwa jiko mpaka jioni. Huku juu maji inachemka lakini haina moto."

Nikatia kipimajoto. Maji yalikuwa yanatokota, na zebaki imekwama kwenye nyuzi tisini na nne. Maelekezo ya mashine yalitaka tisini na nane. Mimi, mtoto wa mlimani, niliyepika githeri ya mahindi na maharagwe tangu utotoni, sikuwahi kufikiria hilo!

Nikamwendea mkuu wa maabara ya Nyeri. Akasoma maelekezo. "Karatasi inasema dakika kumi."

"Karatasi iliandikwa mahali pa chini, mzee."

Akavua miwani. "Jaribu kwanza na nyama isiyo na mtu anayeingoja. Ya huyu mama usiiguse mpaka uwe na hakika."

Nilijaribu siku nne kwa mabaki ya zamani, nikiongeza dakika kidogo kidogo, hadi vidoa vikawaka. Ndipo nikachukua mkato wa mwisho wa Mama Wambui. Kesho yake nilizima taa, na kila kiini cha bluu kilikuwa kimejaa vyekundu. Nililia pale gizani, sioni haya kusema. Alianzishiwa dawa.

Nimestaafu sasa. Vijana hunialika niwasimulie habari za Mama Wambui, nao hupiga makofi. Ninayoiota mimi ni simu.

Maana baada ya furaha yetu mkuu aliuliza, "Na wale watatu?" Tukatoa vipande vyao vya nta, tukapima upya. Wa kwanza alikuwa mama wa mtaa wa Majengo, na vyekundu vyake vilijaa kama vya Mama Wambui. Nikapiga namba iliyoandikwa kwenye fomu. Akapokea mwanawe, akaniambia kwa adabu kwamba mama yake wamemzika.

Ningeweza kumpa pole nikakata. Nikamweleza kwamba dawa ilikuwepo, na kwamba nyama ya mama yake haikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa yetu.

Akauliza, "Kuna wengine?"

"Wawili."

"Umewapigia?"

"Bado."

"Basi acha kuongea na mimi," akasema.