Siku ya Tisini Rafuni

Nilipoletwa kwa wazazi wangu nilikuwa na miaka minane na mfuko mmoja wa nguo. Nyumba mbili za kabla zilikuwa zimenirudisha kituo cha watoto. Kwa hiyo nilipoingia kwenye karakana ya baba huyu mpya, fundi wa redio, pasi na feni, macho yalikwenda moja kwa moja ukutani: VITU VISIVYOCHUKULIWA BAADA YA SIKU TISINI VITAUZWA.

Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Mimi ni mwepesi wa kuelewa, hasa mabaya.

Nikaanza kuhesabu siku, na hesabu yenyewe ikanitia wazimu. Siku ya ishirini nilimwaga unga wote sakafuni. Siku ya arobaini nilimfungia shangazi chooni kwa sababu aliniita mtoto mzuri. Siku ya sitini nilivunja sahani sita. Ya saba niliiacha maana ilikuwa na ufa tayari, nikaona si haki. Niliwaza hivi: wakiniondoa, bora iwe kwa vituko vyangu, si kwa bango. Mpaka leo, mtu mzima mwenye mafundi wangu, nikiogopa navunja kwanza. Mama alikuwa anaokota vipande, anashusha pumzi, anasema, "Haya, leo tunakula kwenye sufuria."

Siku ya tisini nilivaa gauni la kutokea. Nikaandika kikaratasi kama vile baba alivyofunga kwenye kila chombo cha mteja, nikakifunga mkononi kwa uzi, nikapanda rafuni, katikati ya feni isiyo na panga na redio kubwa ya mbao. Niliketi wima. Nani ananunua kitu kilichojikunja?

Baba aliingia, akavaa miwani, akasoma kwa sauti.

"Aina: mtoto. Hitilafu: anavunja, anapiga kelele, haambiliki. Mwenyewe: hajaja." Hakucheka. Mtu yule hakucheka na kazi. "Kimeletwa lini?"

"Leo siku ya tisini."

Akatazama bango, akanitazama mimi, akapaza sauti, "Mke wangu! Hebu njoo!"

Mama alikuja na mwiko mkononi. Akasoma kikaratasi, akaketi juu ya friji mbovu.

"Akuuze? Huyu? Mwanangu, mwenye hiyo redio uliyoegemea alifariki kabla sijaolewa! Baba yako hajawahi kuuza hata waya. Bango ni la kutishia watu tu, na hakuna aliyewahi kutishika."

"Mtu anaweza kuja," baba alijitetea.

"Marehemu?"

"Basi ndugu zake."

Mimi sikuwa na habari na marehemu. "Na wa kwangu akija?" niliuliza.

Baba alifuta miwani kwa ncha ya shati, akairudisha machoni, akachukua mkasi mezani.

"Akija, tutampa kiti, atapumzika, atakwenda zake," alisema. "Kikaratasi ni cha vitu vya wateja. Wewe ni wa hapa. Lete mkono."

Sikuleta. Nilimpiga teke mkono wenye mkasi, kwa nguvu zangu zote. Akasema, "Aa!" Akahamishia mkasi mkono wa pili, akaukata ule uzi.