Bibi Aliyeitangulia Ndege

Najua, ukisikia mtu wa Sumbawanga, mji uliovuma kwa uchawi, anasimulia habari za kupaa angani, unaanza kucheka. Cheka tu. Mimi nilikata tiketi, na haya yalinitokea mchana kweupe. Sina sababu ya kukudanganya.

Mdogo wangu Veronika alijifungulia Dar, akapoteza damu nyingi. Mumewe akanipigia simu. "Shemeji, njoo. Anakutaja wewe tu."

Wakati huo Sumbawanga hatukuwa na ndege. Nikatoka nyumbani Chanji alfajiri, nikapanda basi hadi uwanja wa Songwe, kule Mbeya, kuwahi ndege ya saa nane mchana. Mvua ikashuka, mawingu yakafunga, tukaambiwa tusubiri.

Nilikuwa nalia kimyakimya pale kwenye viti, bibi mmoja akaja kukaa kando yangu. Mwembamba, miguu peku, macho mekundu. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia, kisha akanisemesha Kifipa, lugha ya kwetu, kama mtu aliyenilea.

"Huko uendako ni mwendo gani?"

"Kwa ndege ni saa moja na nusu hivi, bibi. Ikiondoka."

Akatikisa kichwa. "Saa moja na nusu ni nyingi kwa mgonjwa. Nipe hicho kitenge chako, mimi natangulia."

Wewe ungefanyaje? Kwetu hata mtoto anajua kwamba nguo yako humpi mtu usiyemjua. Na mimi sikuwa nimemwambia habari ya mgonjwa! Lakini alinitazama kwa huruma ambayo sikuwa nimeiona tangu mama afariki. Nikakivua begani, nikampa. Akatoka mlangoni. Nilipochungulia nje, niliona mvua tupu. Ilikuwa saa nane na nusu.

Tuliruka saa kumi na moja jioni. Nikaingia wodini nikiwa nimejiandaa kwa msiba, nikamkuta Veronika ameketi, anakunywa uji. Miguuni amefunikwa kitenge changu, kikavu, kinanukia moshi wa kuni.

"Dada, yule bibi uliyemtuma amekwenda wapi?" akaniuliza. "Kanisugua miguu mpaka ikapata joto. Kila nikitaka kuzama ananiita: usiende, dada yako yuko njiani."

Nikamgeukia shemeji. Akasema bibi aliingia saa tisa kasorobo, akaaga jua likizama.

Robo saa, jamani. Kutoka Songwe hadi Dar!

Veronika ni mzima, na mwanawe sasa anakimbia. Mimi nami nimebadilika. Mtaani kwetu kuna kikongwe anayeishi peke yake, ambaye majirani hupita mbali na mlango wake. Kila Jumapili nikitoka kanisani napitia kwake na unga wa ulezi, tunapiga soga. Mwanzoni nilimwogopa. Siku hizi nikichelewa, namkuta amesimama nje ananingoja.

Nawe unayenisikiliza, chunga mdomo wako. Wakianza kumnong'ona bibi wa watu kuwa ni mchawi, usiwe wa kwanza kuokota jiwe. Mkishamfukuza, siku mtakayomhitaji mtamtafuta wapi?