Yule wa Jaladani Hakuwa na Viatu

Nilinunua boksi zima bila kulifungua. Ndiyo, mimi, mtu ambaye safari yake ndefu ni kutoka kwenye kochi hadi kwenye friji, niliendesha gari mpaka mji wa jirani, Anoka, kufuata katuni za kale, zile za mapenzi na majumba ya kutisha, kwa sababu ya majalada yake tu. Nikarudi nyumbani Coon Rapids napiga mluzi. Kufungua, vitabu vyote vimechanwa majalada! Haya, chekeni. Kilichobaki ni harufu ya karatasi iliyolala stoo miaka mingi, na hiyo ndiyo iliyonikamata.

Utotoni nilikuwa na majalada bila vitabu. Mama alimtunza bibi mmoja, mjane wa mwenye duka la magazeti. Vitabu visivyouzwa vilichanwa majalada ili yarudishwe kwa mchapishaji, mwenye duka arejeshewe pesa yake. Mengine yalisahaulika dukani, na bibi akampa mama aniletee. Tuliyabandika ukutani juu ya kitanda changu. Yote yalifanana kama ndugu: mwanamke mwenye gauni la kulalia anakimbia, nywele zinapepea, nyuma yake jumba jeusi, na dirisha moja tu linawaka taa.

"Huyu naye," mama alikuwa akisema, "katoka bila viatu. Mjinga."

Kila jioni nilimtungia hadithi, ile ile: mwanamke kasikia kishindo, kakimbia, kumbe ni paka, karudi ndani kwa mumewe aliyemwachia taa. Mama alisikiliza akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda, kavaa koti na viatu vya theluji. Baba akipandisha sauti sebuleni, mama alinifunika blanketi hadi masikioni. Nilidhani ni baridi. Minnesota hii, nani ashangae koti?

Jioni moja alishika na mkoba, na koti langu mkononi. "Leo usimrudishe, mwanangu. Mwache afike barabarani."

"Atakufa na baridi, mama! Na mumewe kamwachia taa."

Nikamrudisha. Mama akavua kiatu kimoja, kisha cha pili.

Nilishamaliza sekondari ndipo nikaelewa kwa nini wachoraji waliiwasha ile taa. Mle ndani kuna mtu, na yuko macho. Sasa nimesoma hadithi tatu za boksi langu. Zote zinaishia kwa harusi mle mle jumbani. Kumbe nilikuwa mtunzi wa kawaida kabisa.

Mama bado yuko kwa baba, Apple Valley. Wiki iliyopita alinipigia simu, akauliza kama anaweza kuja kukaa kwangu. Nikamwambia nyumba imejaa, avumilie kidogo.

Jana jirani yangu Mama Neema, anayesali kanisa moja na mama, alinisaidia kulipeleka boksi chumba cha nyuma. Akasimama mlangoni, akatazama kitanda kilichotandikwa vizuri, maboksi yangu ya katuni yamejilaza juu yake kama wageni waalikwa.

"Kumbe chumba unacho," alisema. "Mama yako aliniambia huna."