Cheti Kipya cha Tovuti na Damu ya Kibet

Bwana asifiwe wapendwa, mko wazima? Mimi leo nimemwagisha damu ya mtu.

Asubuhi fundi Kibet aliweka cheti kipya cha usalama kwenye tovuti ya kikundi chetu cha mahindi, hapa Turbo.

Kufungua tovuti kwenye kompyuta ya ofisi, onyo jekundu: wezi wanaweza kuiba habari zako.

Na vitambulisho vyetu vyote viko humo!

Nikapiga nduru. "Kibet ametuuza!"

Wanaume waliokuwa wakipima magunia wakamwangukia. Ngumi, mateke, mpini wa jembe. Jino likaruka hadi kwenye mizani.

"Mama Chelimo, angalia tarehe!" alilia akiwa chini. "Tarehe ya kompyuta!"

Nikaangalia. Ilikuwa nyuma mwezi mzima. Cheti ni cha leo, kwa hivyo kompyuta ilikikataa ikidhani siku yake haijafika.

Nikarekebisha tarehe. Tovuti ikafunguka vizuri kabisa.



Kibet ameshonwa mdomo, yuko kwake mtaa wa Huruma. Mkewe amenipigia simu: "Mama Chelimo, si ni wewe uliniombea nikijifungua?"



Niende kwao leo, ama nitawaongezea uchungu? Tafadhali nijibuni haraka.